Harage Moja Moja

Kazi yangu ilikuwa kuwauliza watoto kama wana huzuni. Ukiisema hivyo inaonekana kazi ya kipuuzi, na wajomba zangu waliisema hivyo hivyo. Lakini nilikuwa na fomu yenye kurasa tatu za maswali, kitambulisho cha kuvaa shingoni, na mkebe wa maziwa ya unga wenye maharage manne ndani. Utafiti ulihusu afya ya akili ya watoto na vijana, katika familia zilizorudi Burundi kutoka Tanzania na zile ambazo hazikuondoka. Nilichukuliwa kwa sababu nilikulia katika kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya mpaka, nikajua Kirundi cha mama na Kiswahili kilichonyooka. Hakuna aliyeniuliza kama mimi mwenyewe nina huzuni. Ningejibu hapana, na isingekuwa uongo. Sikuwa na huzuni wala furaha. Nilikuwa na kazi.

Mafunzo tulifanyia Gitega, katika ukumbi wa parokia. Msimamizi wetu, bwana mmoja wa Bujumbura mpole kupita kiasi, ndiye aliyetueleza habari ya maharage. Watoto wengi, alisema, wanababaika ukiwapa majibu kama "mara chache" na "mara nyingi". Kwa hiyo ukishauliza swali unamnyooshea mtoto mkebe. Kama jambo hilo halikumpata kabisa katika majuma mawili yaliyopita, hachukui kitu. Kama lilimpata kidogo, anachukua harage moja. Kama linampata kila siku, anachukua yote manne. Unaandika, anarudisha, mnaendelea. Vilima, ndivyo tunavyoita vijiji kwetu, vitakavyoonekana vimelemewa zaidi vingepewa chumba cha kusikiliza vijana kwenye kituo cha afya, pamoja na mtu aliyesomea kazi hiyo. Vilima vingine vingesubiri.

Kilima chetu cha Muyinga kilikuwa kwenye orodha. Nilipokiona nilimfikiria mdogo wangu, kisha nikageuza ukurasa.

Mdogo wangu alikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Alizaliwa kambini, na Burundi aliiona kwa mara ya kwanza akiwa juu ya lori lililotuleta "nyumbani". Shuleni wakamwita Mtanzania. Alivumilia muhula mmoja, halafu asubuhi moja akavua sare, akaikunja, akaiweka juu ya sanduku na hakuivaa tena. Tangu hapo alikuwa akikaa nyuma ya jiko, mgongo ukutani, akimenya kijiti kwa kucha mpaka kiishe, kisha anachukua kingine. Ukimwambia kula, anakula. Usipomwambia, basi. Mama alisema atazoea. Mimi nilikuja mara moja kwa mwezi na nilimkuta pale pale nilipomwacha, nikamsalimu, nikaingia ndani kunywa chai.

Tulianza na Bukirasazi, tukaenda Giheta, tukafika Bugendana, ambako siku nzima ni kupanda na kushuka kwa miguu. Nilifuatana na mwenzangu mmoja, binti wa fundi cherehani wa Gitega, Mwislamu, mcheshi, mtu wa kumsalimia hata mbuzi. Bugendana tulifika msimu wa kupanda maharage. Msichana mmoja alichungulia ndani ya mkebe wangu akaniuliza, "Ni mbegu?" Nikamwambia hapana, ni ya kujibia. Akanitazama jinsi unavyomtazama mtu mzima anayechezea chakula.

Nikamuuliza kama huwa anashtuka bila sababu. Akachukua harage moja. Kama anakosa usingizi. Moja. Kama anajiona hana faida kwa mtu yeyote. Moja, akalirudisha kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko, kama alivyofundishwa. Baba yake hakuwahi kurudi, jirani ndiye aliyeniambia. Nyumba iliyofuata, moja tena, na iliyofuata, moja. Fomu zangu zilijaa moja kutoka juu hadi chini.

Nitasema ukweli, kwa kuwa wakati ule sikuusema. Niliona kwamba kuna kitu hakiko sawa. Lakini niliipenda ile moja. Mtoto akichukua manne, utaratibu ulitaka uweke kalamu chini, umuulize zaidi, umsikilize. Moja haidai kitu. Unaandika na kwenda zako. Jioni nilikuwa nalala vizuri sana, na nilidhani huo ndio uzoefu wa kazi.

Zamu ya Muyinga ilipofika, nyumbani kwetu aliingia mwenzangu, maana hairuhusiwi kumdodosa ndugu yako. Mimi nilikwenda nyumba ya jirani. Tulikutana baadaye njiani, yeye akiwa anacheka.

"Petite sœur yako iko bien, vraiment," alisema, akimaanisha mdogo wangu yuko salama kabisa. "Mi nilikuwa na woga juu yake, vile we ulinielezea. Lakini kila swali amechukua moja tu. Hata ile ya kutamani usiamke, moja."

"Asante," nilisema.

"We hufurahi?"

"Nimefurahi."

Sikufurahi. Nilijaribu kuona uchungu pia, nao haukuja. Mganga hajigangi, wanasema, lakini mganga wa msemo ule angalau anajua kwamba anaumwa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya misa nilimkuta mama uani na ungo mapajani, akichambua maharage. Alinikaribisha kwa uso ambao sikuwa nimeuona kwa muda mrefu.

"Yule mwenzako ana heshima," alisema. "Nami nilikaa mlangoni namtazama mdogo wako. Kila akinyooshewa ule mkebe, anachukua moja. Hakujaza mkono hata mara moja." Akatupa kijiwe kilichokuwa kwenye ungo. "Kulea kambini si mchezo, mwanangu. Mtoto anajifunza kupanga foleni na kugombania sahani. Lakini huyu nimemlea."

"Mama, yale yalikuwa maswali."

"Maswali sawa. Maharage yalikuwa ya mgeni."

Nilikaa chini. Hata mimi nililelewa hivyo. Mgeni akikunyooshea kitu unachukua kimoja, ukichukua viwili watasema kwenu kuna njaa. Nilikuwa nimetembea mkoa hadi mkoa nikiwanyooshea watoto mkebe wa maharage, wakati wa kupanda, nikiwaambia wachukue kadiri wanavyoumia. Wakanionyesha adabu yao, nami nikaiandika kuwa afya. Mama aliniuliza kama nimeshiba, nikamwambia ndiyo.

Nilizunguka nyuma ya jiko. Mdogo wangu alikuwa na kijiti chake. Niliokota vijiwe vinne hapo hapo chini, nikavipanga mbele yake.

"Lile swali la kutamani usiamke," nilisema. "Si la fomu. Nakuuliza mimi."

Hakunitazama. Alivisogeza vile vijiwe kwake, kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. Kisha akasimama, akaenda mpaka njiani. Nilimwona anainama, anainuka, anainama tena. Aliporudi alikuwa ameshika pindo la kitenge kwa mikono miwili, na alipoliachia, mawe yakamwagika mbele yangu, mengine hadi miguuni. Hakuyahesabu. Aliketi pale pale alipokuwa.

"Havikutosha," alisema.

Ningependa kuandika kwamba nililia. Nilibaki nikiyatazama mawe. Nilifikiri jinsi ambavyo ningeijaza fomu ile, halafu nikaona haya kwa kufikiri hivyo, na haya ndilo jambo la kwanza nililohisi baada ya muda mrefu. Nilimwambia sitaondoka asubuhi kama ilivyopangwa. Akaitika kwa kichwa.

Siku ile ile nilimwita mama tukakaa watatu, nami nikamweleza mawe yale maana yake nini. Alikwenda kuleta mkeka wake, akautandika karibu na kitanda cha mdogo wangu. Jumatatu tulimpeleka kituo cha afya, na muuguzi akatupa siku ya kurudi. Jumanne nilikuwa Gitega, mbele ya msimamizi. Nilimweleza habari ya mkebe. Alivua miwani, akaniuliza nimejua tangu lini. Nikasema tangu Bugendana. Hakunikaripia, na ingekuwa nafuu kama angenikaripia. Tulirudi kila kilima, safari hii tukiwaambia watoto waokote mawe wenyewe, mengi watakavyo. Kilima chetu kilipata chumba, ingawa kilichelewa. Mdogo wangu anakwenda kila Alhamisi. Siku nyingine anarudi amenyamaza, siku nyingine anarudi anamsema vibaya mwalimu wa zamani, na mama anamkanya huku akicheka.

Kuna sehemu ya Jumapili ile ambayo sikumwambia msimamizi. Kabla sijainuka pale nyuma ya jiko, mdogo wangu alikusanya mawe yake yote, akayasukuma upande wangu.

"Na wewe, dada?"

Nilicheka kidogo, kama mtu mzima aliyeulizwa jambo la kitoto. Kisha nikanyoosha mkono nikachukua kijiwe kimoja.

Alikitazama kiganjani mwangu kwa muda.

"Haya ni ya njiani, dada," alisema. "Hayana mwenyewe. Chukua."