Cheo cha Baba Kwenye Beni

Wanaosema beni ulikuwa mchezo wa wapuuzi hawakuuona. Wakianza maneno yao huwa nanyanyuka, nisije nikamvunjia mtu heshima. Wazee wetu waliiokota ngoma hiyo kwa askari wa vita ya Mjerumani: gwaride, tarumbeta, vyeo na yote. Baba aliikuta kwenye mashamba ya mkonge Korogwe alikokwenda ujanani kukata majani, akarudi nayo Sindeni akiwa kanali. Koti lake la kaki lilikuwa na vifungo vya shaba, akivisugua kwa majivu kila Ijumaa akitoka msikitini. Mabegani lilishonewa nyuzi za katani zilizotiwa rangi ya manjano, na kiunoni alifunga mshipi mwekundu. Mama na wenzake walikuwa manesi wa ngoma, vitambaa vyeupe kichwani.

Kwenye beni, mwenye cheo cha chini ndiye humpigia saluti wa juu. Asiyepiga alitozwa kuku, hata kama mmekutana kisimani.

Uhuru ulipokuja walicheza mpaka viatu vikaachama. Kisha ukaja ujamaa, tukahamishiwa kijiji kipya upande wa Misima, na nyumba tulizoziacha zikaezuliwa ili tusirudi. Watu walianza kusemea chini. Ndipo ikaja amri kwamba bwana mkubwa wa wilaya anakuja, apokewe kwa ngoma.

Wenzake baba walificha makoti yao chini ya magunia ya mahindi. Mama alimsihi naye asilivae, kwa kuwa siku hizi kaki ni ya mgambo na wale hawana utani, watamchukua. Baba akasema aliyeagizwa ngoma huvaa nguo za ngoma. Mama hakula siku ile. Mimi, mjinga mimi, nilimkasirikia mama.

Gari lilifika. Kiongozi wa mgambo, kijana tu, alishuka akasimama mbele ya baba. Ngoma ikakatika. Kijana alisubiri saluti, na baba naye akasubiri yake.

"Nani kakupa cheo hiki?"

"Wenzangu wa ngoma," baba alijibu. "Na wewe hujanipigia saluti bado."

Walimvua koti palepale, wakampakia garini na fulana yake. Bwana mkubwa alisema tu kwamba nchi ina jeshi moja.

Zilipita siku tisa. Mama alikwenda Handeni kwa miguu mara mbili, akaambiwa akasubiri nyumbani. Siku ya kumi nilitoka shule nikamkuta baba kibarazani, kanyolewa, kakonda. Roho ilinipasuka kwa furaha.

"Shikamoo, baba."

Aliitazama sketi yangu ya shule, ya kaki, akasimama wima, mikono ubavuni, macho kayatupa mbali.

"Ngoma nimeiacha, afande," akaniambia mimi, mwanawe wa darasa la tano.