Uani Juu ya Ghorofa

Wapiga ngoma walinitangulia uani kwa bibi mwenye nyumba, pale mtaa wa Gerezani. Mimi nilikuwa barazani na cherehani yangu, nashona sare za shule, na kelele zao zilinipandisha presha. Siku moja nikaingia ndani kugombana, nikawakuta wamevaa mashati yaliyochanika kwapani. Nguo iliyochanika siwezi kuivumilia. Nikawashonea, na ndivyo nilivyoingia kwenye sanaa, kwa hasira.

Akaja fundi wa kuandika maandishi kwenye malori, akaomba pa kuanikia mbao zake alizopaka rangi. Watoto wa mtaani walimwibia rangi mpaka akaamua kuwafundisha. Waigizaji nao wakaja kwangu kufuata mavazi. Hakuna aliyeitisha kikao tuanzishe kituo cha sanaa. Upande mmoja wa uani wali ulipikwa, upande wa pili ngoma zilioteshwa moto wa makaratasi ili ngozi zikaze.

Bibi alitufokea kila Jumamosi. Adhana ikikaribia, anachungulia dirishani: "Nyie! Hamna Mungu?" Tunanyamaza. Swala ikiisha tunaendelea, naye anaendelea.

Kisha wanawe wakamleta mkandarasi. Nyumba ivunjwe, lijengwe ghorofa, chini maduka, juu bibi apate pa kuishi. Mtaa mzima ulikuwa unakwenda hivyo, sikuwalaumu. Lakini nililia, nimeinamia cherehani nisionekane. Nani mwingine mjini angetuvumilia na moshi wetu?

Siku ya mazungumzo niliitwa kumimina chai. Mkandarasi alipomaliza maelezo yake, bibi akamuuliza:

"Na uani wangu umeuweka wapi?"

Mkandarasi akacheka. "Bibi, ghorofa halina uani."

"Basi na mimi sina nyumba ya kuvunja."

Wanawe walimbembeleza wiki nzima. Mwisho akapewa paa la ghorofa liwe uani wake, akatukabidhi sisi. Namshukuru kila ninapopanda zile ngazi, hata magoti yakiuma.

Mpaka leo tuko huko juu, chini ya bati tuliloezeka wenyewe: ngoma, rangi, maigizo na cherehani yangu. Mlinzi wa jengo analalamikia moshi. Bibi anaishi ghorofa inayofuata chini yetu na miguu haimruhusu kupanda, kwa hiyo tulijua kufokewa kumekwisha.

Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha, maji yakafunga barabara kwenye bonde la Jangwani, wenzangu hawakufika. Nilikuwa nashona peke yangu mlango wa ngazi ulipofunguka. Bibi, anahema, ameegemea ukuta.

"Shikamoo, bibi!"

Hakuitikia. "Mbona kimya? Nani amekufa?"

"Hakuna, bibi. Ni mvua tu, hawajafika."

"Marahaba." Akavuta kiti, akakaa. "Basi piga wewe."

Sijawahi kupiga ngoma maishani mwangu. Nikaivuta moja, nikainua mkono.

"Washa makaratasi kwanza," akasema. "Huoni ngozi imelegea?"

Nikawasha. Kisha nikapiga, vibaya sana, naye akasikiliza mpaka adhana.