Boliti ya Fundi wa Kimbo

Wakati wetu kule Makongeni, gari lilisikilizwa kwanza, spana baadaye. Baba alikuwa na pikapu ya kubeba nyasi ya ng'ombe na magunia ya maharagwe kutoka Gatuanyaga, na vumbi la huko lilikula mipira ya injini, yale mabomba yake ya hewa, kila mwaka. Jumamosi asubuhi ungeipata uani ikitetemeka, inataka kuzima, na sisi watoto tunaitwa. Kila mmoja anapewa kipande cha paipu ya maji. Ncha moja unaweka sikioni, nyingine unaipitisha polepole juu ya ile mipira ambayo injini inavutia hewa. Wa kwanza kusikia "ssss" ndiye anakula nduma kubwa.

Tuling'ang'ania hiyo nduma vibaya. Dada yangu Wambui alikuwa mwongo, anasikia "ssss" hata mahali hakuna, na Baba alimnasa kwa maji ya sabuni. Anadondosha kidogo kwa mpira; injini isipobadilisha sauti, hakuna ufa, na Wambui anarudi nyuma ya wote. Mama akiwa jikoni anatuambia tutanuka petroli mpaka kanisani. Na tulinuka. Ufa ukipatikana, Baba anakata ile ncha imeoza, anarudisha mpira, halafu anamwita Mama aje aone, kwa sababu yeye pia alikuwa anaendesha. "Usiguse gari ya mtu bila kumwonyesha umefanya nini," alikuwa anatuambia.

Vijana wa siku hizi wana simu ya kusoma gari na hawana masikio. Nasema hivyo nikiwa na hasira na sitaki kutulizwa.

Pikapu ni ile ile, na Baba alipotuacha Mama aliendelea nayo, shamba na kanisa. Juzi juzi ikaanza kumzimikia kila akisimama. Mimi nilikuwa kazini, nikamtuma kwa fundi mmoja huko Kimbo. Nusu saa tu, injini imetulia. Nilimsifu huyo kijana kwa kila mtu, mjinga mimi.

Wiki mbili zikapita. Mama akaja kwangu Ruiru na boda, akaweka ufunguo mezani.

"Mguu wangu umeisha," akasema. "Nakanyaga breki na miguu yote miwili na gari haisimami. Jana nimeingia kwa ua wa jirani. Ni Mungu tu, watoto wake walikuwa shule."

Wiki mbili alikuwa anakanyaga hivyo, na hakumwambia mtu, kwa aibu.

Nilienda nikafungua boneti mwenyewe. Kuna mpira mnene unaotoka kwa injini kwenda kusaidia breki. Huo ndio ulikuwa na ufa. Badala ya kuweka mwingine, fundi aliung'oa, akaziba tundu la injini na boliti. Injini ikatulia, na breki ikawa ngumu kama jiwe.

Nilimpata fundi huko Kimbo akila smoki, ile soseji ya barabarani.

"Madam, si mlisema inazima? Saa hii inazima?"

Nikamuuliza kama alimweleza mama yangu.

"Shosh mzee hivyo angeelewa nini?"

Niliyomwambia siyaandiki hapa, kuna watu wa kanisa wanasoma.

Nilinunua mpira mpya nikaufunga kwa mikono yangu, nikajaribu breki mara kumi. Nikamwambia Mama mguu wake ni mzima, haukuwa na makosa hata siku moja. Alinisikiliza vizuri, akasema asante, akaniuliza kama boda za jioni ni ghali.

Zamani fundi akikosea, aliharibu gari, na gari linatengenezwa. Huyu alichukua mwanamke ambaye ameendesha tangu mimi niko mgongoni, akamzeesha kwa nusu saa. Pikapu nimeileta hapa kwangu, breki yake ni laini, na ufunguo hajaurudia. Kila Jumatatu Mama anaenda Gatuanyaga na boda, jembe amelishika mkononi.