Tepu ya Nne Haiendi

Uvumilivu uliniisha siku mwenyekiti wa kwaya aliponyoosha kidole juu ya meza na kusema, "Hiyo ya nne ibaki hapa." Nilikuwa na mtoto mgongoni na mkasi mkononi, nakata karatasi za kubandika kwenye maboksi ya tepu. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia atoke kabla sijamtoa.

Ilikuwa studio ya vyumba viwili, mtaani Umoja. Nilipomaliza kidato cha nne mwenye studio alinifundisha kazi, na kwaya ya kanisa letu ikarekodi nyimbo nane pale. Fundi wa mjini, yule wa kung'arisha muziki kabla kanda hazijatolewa nakala, hakutaka sauti zilizokwisha kuchanganywa. Alitaka kila kundi peke yake: tepu ya kwanza ngoma, ya pili magitaa na kinanda, ya tatu kwaya nzima, ya nne mwimbaji kiongozi. Zote zianze na kofi moja ili aweze kuzilinganisha, zote ziwe na urefu mmoja hata pale ambapo mtu amenyamaza. Na mwangwi wetu wa kujiongezea hakuutaka kabisa. Niliifanya kazi hiyo siku tatu nikinyonyesha.

Mwimbaji kiongozi nilikuwa mimi. Tuliporekodi nilikuwa na mimba changa, hakuna aliyejua. Mtoto akazaliwa bila harusi, kanisa likanitenga: nisiimbe, nisishiriki meza ya Bwana. Nikameza. Sasa walitaka hata sauti niliyokwisha kuitoa itupwe, na mke wa mwenyekiti aimbe mahali pangu.

"Dada, usipandishe hasira," mwenyekiti akasema, bado amesimama pale mezani. "Ni nidhamu tu. Watu wa Donholm, wa Mowlem, watanunua hiyo kanda na kuuliza huyu anayeongoza ni nani."

"Na besi?"

"Besi gani?"

"Usijifanye hujui. Baba ya huyu mtoto anaimba besi. Yuko humu." Nikagonga boksi la tatu. "Mbona hili linaenda?"

Mwenye studio, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alicheka mpaka akakohoa. "Mzee, hapo umeshikwa. Wanaume wote waliimba kwa maikrofoni moja. Ukitaka kumtoa yeye, unatoka na wewe."

"Yule ndugu hajakiri kosa," mwenyekiti akanung'unika.

"Na mimi nilikiri lini? Tumbo ndilo lililokiri!"

Mwenye studio akasema hatapeleka mjini tepu hata moja mpaka wazee waamue. Nikaandika barua palepale, kwenye meza ileile, nikaipeleka ofisi ya kanisa mchana. Karani akaisoma, akaguna. "Mama, hapa ungeandika 'naomba'."

"Sikuja kuomba. Piga muhuri, na nakala yangu pia."

Akapiga. Barua ilisema hivi:

"Kwa Baraza la Wazee. Namlalamikia rasmi mwenyekiti wa kwaya. Ameagiza sauti yangu iondolewe katika nyimbo nane nilizoongoza nikiwa mshirika kamili. Mwanamume niliyezaa naye hamjamwita wala kumuuliza, na sauti yake imeachwa. Nataka moja kati ya mawili: tepu zote nne ziende kwa fundi, au kwaya irekodi upya bila mimi na bila yeye. Nijibiwe kwa maandishi. Sitakuja kuketi peke yangu mbele ya wanaume saba wa baraza, na mwenyekiti asiwe mmoja wa watakaoamua."