Mpishi wa Hitima

Kila Shaabani hapa Kiongoroni tunawasomea hitima wafu wetu, na kila mwaka anayepika ni Bi Safina, mjane asiye na mtoto. Mwaka huu, kabla ya dua, mwalimu alituambia tutaje marehemu wetu. Watoto wakataja wazazi, wajukuu wakataja mababu. Bi Safina akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Safina binti Haruna," akasema.

"Bibi, si uko hai wewe?" mwalimu akashtuka.

"Niombeeni sasa, nisikie kwa masikio yangu. Nikifa nani kati yenu atanitaja? Mimi mnanijua mkiwa na njaa tu."

Tuliinamia mikeka kama wezi. Kisha mmoja wetu, hana hata haya, akauliza kama wali umeiva.