Shanga Nyeupe Zilizopita Mbio

Nianze na kamba. Nilipoolewa, shangazi yangu wa Yanonge alinifunga kiunoni kamba yenye mafundo, akasema mimba haitavuka hapo. Nilizaa saba na kamba iko palepale. Yeye mwenyewe alizaa tisa, lakini hiyo sikumuuliza.

Bon. Mwaka jana bokilo wangu, mke wa mwanangu, tunayekaa naye nyumba moja hapa Kabondo, alirudi kutoka kituo cha afya na mkufu wa shanga. Una kipira kidogo cha kusogeza: siku damu inaanza unakiweka kwenye shanga nyekundu, halafu kila asubuhi unasogeza shanga moja. Kikiwa kwenye nyeupe, siku za kushika mimba, mume alale upande wake. Kikiwa kwenye za kahawia, hakuna matata. Alikuwa na watoto wanne, na miezi michache ilibaki amalize kujifunza kushona.

"Mama, nikibeba mimba sasa, kushona kumekufa," aliniambia.

Akatundika mkufu kwenye msumari chumbani. Sasa mimi ndiye ninaamka wa kwanza. Nikawaza: huyu anasahau chumvi kwenye pondu, kipira atakikumbuka? Nikawa ninamsogezea, akienda kuoga. Shanga moja tu, kwa upendo.

Mwezi ule akafurahi. "Mama, nyeupe zimepita mbio!"

Tukaenda kituoni kuonyesha mkufu, mimi nimebeba kitoto chake. Muuguzi akamwuliza alianza kuona damu lini.

"Jumapili ya ubatizo."

Muuguzi akahesabu kwa vidole. "Siku kumi na mbili tu! Leo uko katikati ya nyeupe. Nani anagusa huu mkufu?"

"Mimi," akasema bokilo.

"Na mimi," nikasema polepole.

Jioni mwanangu naye akajikuna kichwa. "Nilisukuma kidogo tu. Nyeupe ziko mingi sana!"

Alors, hapo nyumba ikawa baridi. Bokilo alikaa zaidi ya wiki mbili hanisalimii vizuri. Nilipika mimi, nilifua mimi. Mwanangu alilala kwenye kiti cha sebuleni, na hakuna aliyemwonea huruma. Kila asubuhi bokilo anaenda kushona amenuna, mimi ninamwangalia tumbo mpaka ananiambia, "Mama, angalia sufuria."

Halafu mchana mmoja akatoka chooni mikono juu. "Mama! Iko! Imekuja!"

Nikapiga vigelegele hata majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Nikawaambia ukweli: bokilo wangu ameona damu. Wanaume walirudi kwao haraka.

Kesho yake alikwenda kuwekewa kijiti kwenye mkono, chini ya ngozi. Nikaomba nikiguse, nione kinavyokaa.

"Hapana, Mama. Wewe tena?"

Kushona alimaliza. Wanawake wa barabara nzima aliwashonea, blauzi yangu ikawa ya mwisho, na inanibana kwapani. Ninaivaa hivyohivyo.