Ufagio Niliomnyima Mama

Nyumbani kwetu Kaloleni nililelewa kwa ufagio. Sisemi kupigwa nao, ingawa hilo pia lilikuwepo. Kila alfajiri mama alitutoa kitandani tufagie uwanja mpaka mistari ya chelewa za ufagio ionekane kwenye udongo, na mtu aliyekanyaga mistari hiyo kabla ya chai alitazamwa vibaya. Jani moja lililosahaulika chini ya mwarobaini lilitosha kunifanya nirudie uwanja mzima. Nikakua nikijua kwamba mahali pasafi ni mahali pasipo na jani.

Ndiyo maana nilipokabidhiwa kambi ya watoto ya likizo ya Agosti, kule juu Sagalla, nilipanda na fagio sita. Mimi ni mwalimu. Kambi naiongoza pamoja na wasimamizi wenzangu watatu, mmoja wao akiwa mama yangu mzazi, aliyekuwa mpishi wa shule na ambaye hajawahi kukubali kwamba amestaafu. Mahema tunayapiga kwenye kiwanja cha mjane mmoja mkulima, aliyetuazima kwa sharti moja tu: tukiache kama tulivyokikuta. Miaka mitatu tulikifagia kila asubuhi, watoto wote kwa mstari, vumbi likipaa. Takataka zetu tulizibeba zote tukashuka nazo Voi. Nilijiona mtunza mazingira wa kupigiwa mfano.

Desemba ya mwaka wa tatu mjane akanipigia simu. "Mwalimu, panda uje uone."

Nikachukua bodaboda. Kiwanja kilikuwa kitupu na kigumu kama sakafu. Mvua za vuli zilikuwa zimepita juu yake bila kuzuiwa na jani wala nyasi, zikachimba mfereji, na mfereji ukashuka ukabomoa tuta la kwanza la shamba lake. Pojo zilizokuwa zimeanza kutoa maua zilikuwa zimefukiwa na udongo.

"Mmefagia sana," akasema, bila kupaza sauti. "Nawapa Agosti moja. Mvua ikija nitaangalia. Ikinibomolea tena, mtafute pahali pengine."

Pahali pengine hapakuwepo. Sagalla ni mteremko mtupu, na tambarare za huko chini ni njia za ndovu. Niliona aibu, kisha nikashikwa na hasira, hasira juu yangu mwenyewe. Nilishuka mlima nimeshaapa kwamba kiwanja kile sitakipoteza.

Agosti iliyofuata sikubeba ufagio hata mmoja. Siku ya kwanza tulipanga mawe kukinga mfereji, tukatandaza majani ya mkuyu kati ya mahema, na mahema yenyewe tukawa tunayahamisha kila baada ya siku mbili ili nyasi zisife. Watoto walielewa kabla ya chakula cha mchana. Mama hakuelewa.

"Ufagio uko wapi?"

"Sikuleta, mama."

"Na wazazi wakija Jumapili, waseme watoto wao wanalala kwa jalala?"

"Waseme."

Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo maishani, tena mbele ya watoto. Alinitazama, mwiko mkononi. "Hii shule imekuharibu," akasema, akarudi kwenye uji wake.

Siku ya tatu nilikuta mistari nyuma ya jiko, kwenye kipande cha upana wa mkeka mmoja. Alikuwa amefunga vijiti kwa kamba ya gunia na kufagia kabla hatujaamka. Niliuchukua ule ufagio nikautia motoni, chini ya sufuria yake mwenyewe, akiniona. Nilimpenda, nilimwogopa, na nilikuwa nimemuudhi makusudi. Kisha nikamwaga majani pale palipofagiwa. Kila asubuhi mpaka kambi ikaisha niliyakuta yamesogezwa kando kwa mguu, nami nikayarudisha.

Jumapili ilipofika, mzazi mmoja aliuliza kama hapa watoto hawafundishwi usafi. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye mfereji, nikamwonyesha tuta lililobomoka.

Vuli ya mwaka huo ilinyesha siku nne mfululizo. Kila nilipoona mawingu yameketi juu ya Sagalla nilipotea katikati ya somo, wanafunzi wakanikumbusha tulipofika. Simu ya mjane ilipolia nilikuwa nyumbani, na mama akasikia. Hakualikwa, lakini alikwenda kuvaa viatu vyake vya kanisani. "Twende," akasema.

Mjane alitutembeza polepole. Mahema yalipokuwa palikuwa na nyasi. Mawe yalikuwa yameshika udongo nyuma yake. Tuta, alilokuwa amelijenga upya, lilikuwa limesimama na pojo zake juu, nami nikaanza kupumua vizuri. Halafu akatupeleka mahali jiko letu lilipokuwa. Kile kipande cha upana wa mkeka kilikuwa uchi, na katikati yake palikuwa na mfereji mpya, wa urefu wa mkono, ukielekea shambani.

"Na hapa, mwalimu?"

Nilifungua mdomo nijibebeshe kosa, maana kiongozi ni mimi. Mama akanitangulia.

"Hapo ni mimi. Huyu alinikataza, nikafagia."

Sijawahi kumsikia mama akikubali kosa mbele ya mtu, si mbele ya baba, si mbele ya mchungaji. Mjane alimtazama, akautazama mfereji.

"Hata mimi kwangu nafagia, mama mwalimu," akasema mwishowe. "Lakini si huku kwa mteremko. Agosti mje. Jiko mlihamishe."

Nilimshukuru kwa niaba yetu sote. Mama alikuwa ameshavua vile viatu vya kanisani, ameinama, anapanga mawe kwenye mfereji. Nilipochukua jiwe nimsaidie, alininyang'anya.

"Wacha," akasema. "Huu ni wangu."

Nikaketi kando, nikamsubiri amalize.